Ukuta mweupe wa Newgrange: kipi cha kale, kipi cha juzi?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Drogheda, Ayalandi. Juzi niliwapeleka wanangu kwenye lile kaburi la kale la Newgrange. Tuliingizwa ndani, taa zikazimwa, kisha kikawashwa kimwanga cha kuigiza jua linavyoingia mwezi wa Desemba. Watoto walifurahi sana. Wakati wa kurudi, mzee mmoja kwenye basi akaniambia huku akicheka kwamba ule ukuta mweupe wa mbele ulijengwa miaka ya 1970 na nyuma yake ni zege. Sasa najiuliza: kama ukuta ni wa juzi, hilo tundu la jua nalo si la kutengenezwa? Nimewadanganya wanangu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mzee wa kwenye basi hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari akashuka. Ukuta mweupe ni kweli ulijengwa miaka ya 1970, na nyuma yake mna zege lenye nondo. Mwanga wa Desemba ni wa kale, na ushahidi wake hautegemei ule ukuta hata kidogo. Nianze na mwanga, maana ndio unaokunyima usingizi, kisha turudi ukutani, ambako nami nina dukuduku langu.

Kwanza tukumbushane ni kitu gani mlichoingia. Newgrange ni kilima kilichojengwa na watu kwa mawe na udongo, katika kona ya mto Boyne, yapata mwaka 3200 KK. Kina upana wa mita 85 hivi na kimo kama cha nyumba ya ghorofa tatu au nne. Kwenye ukingo kimezungushiwa mawe makubwa 97 yaliyolazwa kichwa kwa mkia. Ujia mliopita una urefu wa mita 19, nao unaishia kwenye chumba chenye umbo la msalaba, na dari iliyopangwa bamba juu ya bamba, kila moja likichomoza kidogo kuliko la chini yake, hadi kufungwa kwa jiwe moja juu kabisa, mita 6 kutoka sakafuni. Waliojenga walikuwa wakulima na wafugaji wasiokuwa na chuma wala shaba. Piramidi kuu ya Giza ilikuja miaka 600 hivi baada yao.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunahitaji kufikiri kidogo kabla ya kuelewa kwa nini watu wahangaikie siku moja ya Desemba. Kwetu saa kumi na mbili jua linatoka, saa kumi na mbili linazama, mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Wewe umeshaishi huko, unajua: mwisho wa Desemba jua linachomoza saa tatu kasoro asubuhi, saa kumi na kitu jioni limekwisha kwenda. Mchana wa saa saba na nusu tu. Mkulima wa miaka 5,000 iliyopita, asiye na kalenda ukutani, alitaka kujua ni lini giza litaacha kuongezeka. Siku hiyo ndiyo iliyojengewa kaburi, ama tuseme kaburi lilijengwa likiitazama.

Sasa lile tundu. Juu ya mlango, kati ya dari ya ujia na bamba jingine la mawe lililochongwa michoro ya misalaba kama herufi X, kuna kidirisha. Pengine mtu wa kawaida atauliza: kwani mlango hautoshi kupitisha jua? Hautoshi, na hapo ndipo akili ya mafundi wale inaponistaajabisha kila mara. Sakafu ya ujia inapanda kidogo kidogo. Ukifika chumbani umepanda kama mita 2 kutoka pale mlangoni, na huwezi kuhisi. Kwa hiyo mwanga unaopita mlangoni unagonga sakafu njiani na kuishia hapo. Unaopita kwenye kidirisha upo usawa mmoja na sakafu ya chumba, nao unafika hadi ndani. Jua linapochomoza siku zile za kuzunguka tarehe 21 Desemba, mwanga unaingia yapata saa tatu kasoro dakika mbili, unakaa dakika 17, unatoka. Mwali wenyewe ni mwembamba, upana wa sentimita 17 hivi.

Aliyekizibua kidirisha hicho ni Michael J. O'Kelly, profesa wa akiolojia wa chuo kikuu cha Cork, aliyechimba Newgrange tangu 1962 hadi 1975 pamoja na mkewe Claire, ambaye ndiye aliyenakili michoro ya mawe yote kwa mkono. Watu wa pale walikuwa wakimwambia kwamba kuna wakati jua huingia hadi ndani kabisa. O'Kelly hakuwaamini. Alidhani wamechanganya na Stonehenge, lile duara la mawe ya kale la Uingereza, ambako jua la Juni lina habari zake. Baadaye akaona kwamba mlango umeelekea kusini-mashariki, upande wa mawio ya Desemba na si ya Juni. Basi tarehe 21 Desemba 1967 akaingia peke yake gizani akasubiri. Jua likaja.

Wasiwasi wako, kwamba pengine alikitengeneza mwenyewe, si wa kijinga. Mwaka 2016 mwanaakiolojia mmoja wa huko huko Ayalandi alisema hadharani jambo la namna hiyo, magazeti yakalichangamkia. Na kuna msingi kidogo: O'Kelly alizifungua bamba za dari ya ujia na kuzirudisha, akasimamisha mawe ya pembeni yaliyokuwa yameinamiana kiasi kwamba wageni walijibana kupita. Mtu akishabomoa na kujenga upya, kila kitu chake kinaweza kutiliwa shaka.

Lakini angalia vitu ambavyo havighushiki.

Wakati O'Kelly anafunua dari ya ujia, alikuta kwamba mafundi wa kale walichonga mifereji midogo juu ya bamba ili maji ya mvua yachuruzike pembeni. Wakaziba nyufa kati ya bamba na bamba kwa mchanga wa baharini uliochanganywa na udongo uliochomwa moto. Udongo ule ulikuwa na makaa, makaa yakapimwa kwa kaboni-14, kipimo cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, na jibu likawa karibu 3200 KK. Hiyo ndiyo tarehe tunayoitaja wote. Mchanga na udongo ule ulikuwa umelala juu ya dari palepale ulipopakwa, haujaguswa. Dari ile ndiyo inayokibeba kidirisha, na mteremko wake ndio unaopanga mwanga upite wapi. Nayo dari ya chumba, ile ndefu ya mita 6, haijawahi kujengwa upya. Ayalandi mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu, inanyesha tu; hata hivyo dari ile haivuji, miaka 5,000. Nyumba yangu ya mabati ina miaka 20 na nina ndoo tatu chumbani.

Kingine: kidirisha kilikuwa kikizibwa kwa vipande viwili vya mawe meupe ya kwatzi, kimoja kikakutwa bado kipo. Jiwe la chini yake lina mikwaruzo ya kuonyesha kwamba vipande hivyo vilikuwa vikivutwa na kusukumwa, tena si mara moja. Maana yake kaburi lenyewe lilishafungwa mlango kwa bamba kubwa, ila mwanga uliendelea kufunguliwa njia. Bamba hilo la mlango bado lipo, limesimamishwa upande wa kulia ukitaka kuingia. Na lile jiwe la michoro lililo juu ya kidirisha lilikwisha kuonekana karne ya 19, kabla O'Kelly hajazaliwa, isipokuwa hakuna aliyeelewa kazi yake.

Mwisho kuna hesabu. Mpimaji Jon Patrick alipima mahali pale, na mwaka 1974 akachapisha matokeo yake katika jarida la Nature: mwelekeo ule ulikuwepo tangu ujenzi. Mwaka 1989 mtaalamu wa anga, Tom Ray, akahesabu zaidi. Mhimili wa dunia unabadilisha mwinamo wake polepole mno, hivyo mahali jua linapochomozea Desemba pamesogea tangu enzi zile. Ndiyo sababu leo mwanga unaingia dakika kama nne baada ya jua kutokeza, na hauendi hadi ukuta wa mwisho. Zamani uliingia jua linapochungulia tu, ukafika hadi nyuma kabisa. Mtu anayeghushi angejitengenezea tundu linalofanya kazi barabara leo. Hili linafanya kazi barabara kwa mwaka 3200 KK.

Waambie wanao kwamba mwanga waliouona ni taa, ila jua lenyewe halina mwongozaji wa kuliwasha.

Tuje kwenye ukuta.

Kwatzi ile nyeupe ni ya kale kweli; kila jiwe lilifukuliwa na O'Kelly pale pale mbele ya kilima. Ila asili yake si Meath, kaunti iliko Newgrange. Ilibebwa kutoka milima ya Wicklow, kusini mwa Dublin, na yale mawe ya mviringo ya kijivu yaliyochomekwa katikati yake kama zabibu kwenye keki yalitoka kaskazini, pwani ya Dundalk Bay. Swali ni moja: yalikuwa yamekaa vipi? O'Kelly aliyakuta chini, yametanda juu ya nyasi za kale, nayo yamefunikwa na kifusi kilichoporomoka kutoka kilimani. Akasema: hiki ni kitu kilichoanguka kwanza, kabla ya kilima kulegea. Basi kilikuwa ukuta, juu ya yale mawe 97, kimo cha mita 3 hivi, karibu wima. Akajenga kipande cha kujaribia, akakiangusha, akalinganisha kifusi chake na kile alichochimba. Vikafanana, kwa macho yake. Serikali ikaujenga ukuta kwa mawe yale yale.

Tatizo ni kwamba ukuta wima wa mita 3, wa mawe yasiyo na udongo wa kuyashika, hauwezi kuzuia kilima cha uzito ule. Wahandisi walilijua hilo, ndiyo maana wakatia zege na nondo. Sasa fikiri kama fundi: ikiwa sisi wenye saruji hatukuweza kuusimamisha bila nondo, wao waliusimamisha kwa kitu gani? O'Kelly angekujibu kwamba haukusimama, ulianguka, ndiyo habari yenyewe. Wapinzani wake wanasema haukuwahi kuwepo. Kwatzi ilimwagwa chini makusudi, kama sakafu nyeupe mbele ya mlango.

Huhitaji kusafiri mbali kuona jibu la pili. Knowth, kilima ndugu yake, ipo karibu tu, na tiketi za kituo kile cha wageni mara nyingi huunganisha vyote viwili. Mwanaakiolojia George Eogan alianza kuchimba Knowth mwaka ule ule wa 1962. Naye alikuta kwatzi imetanda mbele ya milango. Aliiacha chini. Wataalamu wawili, mto mmoja, miaka ile ile, ushahidi unaofanana: mmoja akajenga ukuta, mwingine akatandika sakafu.

Mimi niko upande wa Eogan. Nilijifunzia kazi hii kwenye magofu ya pwani yetu, ambako saruji imeshatuponza: jiwe la matumbawe linataka chokaa, ukilipaka saruji linakunywa unyevu na kuoza ndani kwa ndani. Tangu hapo nikiona saruji kwenye kitu cha kale moyo hunipasuka. Na Hati ya Venice ya 1964, ambayo wahifadhi duniani wanaifuata, ilisema wazi kwamba kazi ya kurudishia ikome pale makisio yanapoanzia. Ukuta wa Newgrange ulijengwa baada ya hati hiyo, juu ya makisio. Yalikuwa makisio ya mtu makini, aliyefanya kazi miaka 13, lakini yamepigwa zege, na zege halikubali kusahihishwa mtu akibadili mawazo.

Hata hivyo nisingeuvunja. Unashikilia kilima kisiporomokee wageni, na kuung'oa kungeweza kutikisa kile cha ndani ambacho hakijawahi kuguswa. Ningetaka tu mwongozaji aseme habari hii mwanzo wa ziara, si mzee wa kwenye basi.

Kuna kingine cha kisasa ambacho watu wengi hawakitambui, nacho hakina ubishi wowote. Pale mlangoni ukuta umeingia ndani kwa mkunjo, kulia na kushoto, ukafanywa kwa mawe meusi. Hivyo havikuwepo. O'Kelly na wahandisi walivifanya ili watu wapate nafasi ya kuingia, wakatumia mawe ya rangi nyingine kusudi yeyote ajue ni vipya. Enzi za kale lile jiwe kubwa lenye mizunguko, ambalo bila shaka mlilipiga picha, lilikuwa limeziba njia. Ulitakiwa ulirukie. Vile vingazi vya mbao ni kwa ajili ya magoti yetu.

Na usidhani kubadilisha mahali pale kulianza na O'Kelly. Kaburi halikuwa limepoa bado watu walikuwa wamekwisha kulichezea. Karne kadhaa baada ya ujenzi, watu wengine walisimamisha mawe makubwa kulizunguka. Leo yamebaki 12. Wakajenga pia uzio wa magogo na mashimo upande wa kusini. Wakati wa Dola la Roma, ambalo halikuwahi kuitawala Ayalandi, kuna watu walioleta sarafu za Kirumi, nyingine za dhahabu, wakaziacha mbele ya mlango kama tunavyoona sadaka zikiachwa kwenye mizimu. Kufikia hapo jamii iliyojenga ilikuwa imesahaulika na hadithi zimeshika nafasi: Waayalandi walisema ni nyumba ya Dagda, mungu wao mkubwa, na mwanawe Aengus aliyemlaghai akaichukua. Hadithi hiyo inamtaja Dagda akisimamisha jua angani. Sipendi kuegemeza akiolojia kwenye ngano, ila hiyo nayo imenikaa kichwani.

Kisha wakaja watawa wa abasia ya Mellifont, iliyoanzishwa mwaka 1142. Ardhi ikawa shamba lao, na jina Newgrange linatokana na hilo: shamba jipya la watawa. Mwaka 1699 mwenye ardhi, Charles Campbell, aliagiza vibarua wachukue mawe ya kutengenezea barabara, nao wakafukua mlango. Mtaalamu wa Welisi, Edward Lhwyd, akafika mwaka ule ule na kuandika alichokiona. Tangu hapo ilikuwa kila anayepita anaingia. Majina yao bado yamechorwa kwa visu kwenye kuta za chumba, ukiangalia vizuri. Mwaka 1882 sheria ya kulinda mambo ya kale ikaliweka chini ya serikali, na miaka minane baadaye kazi za kwanza za ukarabati zikaanza chini ya Thomas Newenham Deane.

Newgrange ilibahatika. Dowth, kilima cha tatu pale kwenye kona ya mto, ilichimbwa mwaka 1847 na wasomi wa Royal Irish Academy waliotafuta chumba cha katikati. Waliacha shimo kubwa juu yake ambalo liko mpaka leo. Huko hakuna kiingilio wala taa. Ukitaka wanao waone kilima ambacho hakuna aliyekipamba, wapeleke.

Wakikuuliza nani alizikwa, mambo ni magumu kidogo. Ilipatikana mifupa ya watu wachache tu, mingine imechomwa. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mwanamume mmoja kutoka chumbani, wakakuta wazazi wake walikuwa ndugu wa damu moja kabisa, kaka na dada au mzazi na mtoto. Kwa kawaida jamii hukataza hilo, isipokuwa pengine kwa familia za watawala wanaojiona hawafanani na wengine. Hiyo habari wape wakikua.

Utakaporudi, usiishie mbele. Zunguka hadi nyuma ya kilima, ambako hakuna kwatzi wala zege la kuonekana, mawe yamelala na majani yameota juu yake. Tafuta jiwe lenye namba 52. Lina mstari wima uliochongwa katikati, nalo limetazamana, kupitia kilima kizima, na lile jiwe la mlangoni, ambalo nalo lina mstari wake. Mwambie mtoto mmoja asimame kwenye mstari huu, mwingine kwenye ule, uwaambie wamevutiwa kamba na mtu wa miaka 5,000 iliyopita aliyetaka kuipata pembe ya jua. Nendeni asubuhi, kabla basi la wageni halijajaa.